Sunningdale na Nyika Isiyofaa Kitu

Katika miaka ya 1720 Daniel Defoe, yule mtungaji wa kisa cha Robinson Crusoe, alipokuwa akieleza habari za kila upande wa Uingereza, aliandika pia juu ya nyika ya Bagshot, iliyo kusini-magharibi ya London, nchi ya mchanga mkavu isiyokuwa na shamba wala malisho ya maana, iliyoota vichaka vifupi tangu chini ya miguu ya msafiri hata upeo wa macho yake. Naye, ambaye hakuwa bahili wa maneno, akaihukumu kuwa ni jangwa lisilofaa kitu, akaufananisha mchanga wake unaorushwa na upepo na mchanga wa majangwa ya Arabuni. Abiria waliokuwa wakipita huko kwa magari ya farasi walikuwa na sababu nyingine ya kuichukia, maana wanyang'anyi wa njiani walijificha humo wakingojea mikoba yao. Ardhi hiyo iliyotukanwa hivyo, ambayo mkulima hakuitaka hata kwa bure, leo ina sehemu zenye thamani kubwa sana, na kilichozipa thamani si madini wala mafuta, bali ni mchezo wa gofu.

Mgeni huzidhania nyika hizi kuwa ni pori la asili ambalo mkono wa binadamu haujaligusa, kumbe kwa hakika ni kazi ya watu. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita wenyeji wa nchi ile walianza kuikata misitu iliyokuwa imemea juu ya mchanga, wakalima kwa muda, na mvua zilipokwisha kuiosha rutuba na kuishusha chini sana wakayaacha mashamba yawe machunga ya kondoo na ng'ombe. Na kwa kuwa mifugo ilikula kila mche uliochipua, na mafukara wa vijijini walikata vichaka kwa kuwashia moto, kuezekea na kufungia mafagio, msitu haukupata nafasi ya kurudi. Mmea ulioyastahimili hayo yote ni hetha, kichaka kigumu ambacho aghalabu hakipiti magoti ya mtu, chenye vishina vya mti na majani madogo mno, ambacho sehemu kubwa ya mwaka huwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kisha ufikapo mwezi wa Agosti hufunua maua ya zambarau hata kilima kizima kikageuka rangi. Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro amekwisha kuwaona jamaa zake, kwani ule ukanda wa vichaka unaoanza pale msitu wa mvua unapokoma umejaa mimea ya Erika, iliyo ya ukoo mmoja na hetha ya Uingereza; ila ya Kilimanjaro hurefuka ikawa miti, na ya Surrey, jimbo lenye nyika hizi, hubaki chini, karibu na kifundo cha mguu, mahali ambapo mpira wa gofu hupenda kujificha.

Gofu ililelewa katika pwani za Uskochi. Kanuni yake ni nyepesi kuieleza: mchezaji huanza mahali palipowekwa, hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo lililochimbwa mbali, na yule amalizaye mashimo 18 kwa mapigo machache kuliko wenziwe ndiye mshindi. Pwani zile zina mchanga unaokunywa maji upesi, nyasi zake ni fupi na ngumu, na upepo hauziachi zirefuke. Mchezo ulipoenea bara ya Uingereza katika karne ya 19, wachezaji walijikuta katika mashamba ya udongo wa mfinyanzi, ambao wakati wa joto hupasuka nyufa na wakati wa baridi hugeuka tope la kumvua mtu kiatu. Na wapenzi wa mchezo, walioizoea pwani, wakaona kwamba bara hakuna gofu, kuna mateso tu yanayofanana nayo. Haikuwapitikia kwamba ule mchanga walioulilia ulikuwapo mwendo mfupi wa gari la moshi kutoka London, umelala chini ya hetha. Waliotangulia kulitambua jambo hilo ni mawakili wachache wa London, waliofungua kiwanja cha Woking mwaka wa 1893, na baada yao vikafuata Sunningdale, Walton Heath, Swinley Forest, St George's Hill na vinginevyo, vyote juu ya mchanga ule ule au wa namna yake.

Katika hivyo vyote nitasimama kwenye Sunningdale, mpakani mwa Surrey na Berkshire, kwa sababu ndicho kinachoonyesha wazi zaidi jinsi nyika ilivyogeuzwa uwanja. Chama chake kiliundwa mwaka wa 1900, katika ardhi iliyokodiwa kutoka St John's College ya Cambridge, na kazi ya kukitengeneza kiwanja akapewa Willie Park wa pili, Mskochi wa Musselburgh, mwana wa bingwa na yeye mwenyewe bingwa wa mashindano makuu ya Uingereza katika mwaka wa 1887 na tena 1889. Park hakuridhika kukata hetha na kungoja majani yaote yenyewe. Aling'oa, akalima, akasawazisha, akapanda mbegu za nyasi kutoka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho, jambo ambalo katika siku zile wengi walilitilia shaka, wakisema kwamba juu ya mchanga ule wenye njaa hapataota kitu. Nyasi ziliota, na mwaka wa 1901 kiwanja kikafunguliwa.

Lakini kabla Park hajapokea sifa zake kwa ukamilifu, kazi yake iliingiliwa na adui ambaye hakumtazamia. Mpira uliotumika siku hizo ulikuwa wa utomvu mgumu wa gutapeka, nao haukwenda mbali. Mwaka wa 1898 Mmarekani Coburn Haskell akabuni mpira mwingine, ndani yake mna nyuzi za raba zilizovutwa na kuzungushwa kwa nguvu, na Sandy Herd alipoutumia huo kushinda mashindano makuu ya mwaka 1902, wachezaji wakautupa ule wa zamani. Umbali uliopimwa kwa mpira wa kale ukawa mfupi, na mitego ya mchanga iliyochimbwa ili kumtia mchezaji hofu ikawa hairukwi tena kwa hofu bali kwa dharau. Aliyeirekebisha hali hiyo ni katibu wa chama, Harry Colt, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kushika kazi hiyo mwaka wa 1901, naye akaishikilia hata 1913. Colt alirefusha, akahamisha, akachimba mitego mipya. Na katika miaka hiyo ya kukichungua kiwanja kimoja asubuhi na jioni alijifunza fani iliyomfanya baadaye kuwa mmoja wa watengenezaji mashuhuri wa viwanja duniani. Mwaka wa 1923 ukafunguliwa kando ya kile cha Park uwanja wa pili wa Sunningdale, na huo ni wa Colt mwenyewe. Wachezaji hawajamaliza kubishana ni upi bora. Rai yangu ni kwamba wa Colt ni mgumu zaidi na wa Park unapendeza zaidi, na mtu akiwa na siku moja tu auchague wa Park, maana ugumu anaweza kuupata popote.

Mchezaji wa kiwanja cha Park hupokewa kwa jamala. Shimo la kwanza, yaani mwendo wote tangu mahali pa kuanzia hata tundu lenyewe, lina urefu wa takriban mita 450, ujia wake ni mpana na unateremka kidogo, na mtu aliyetetemeka mbele ya watu wanaomtazama kutoka kwenye nyumba ya chama anaweza kupiga vibaya na bado asidhurike. Ukarimu huo ni wa muda mfupi. Shimo la tatu ni fupi, fupi kiasi cha kumshawishi mwenye nguvu ajaribu kufika kwa pigo moja, na mitego imewekwa kwa ajili yake yeye huyo. Shimo la nne hupanda kilima, na asiyefikisha mpira wake juu huutazama ukimrudia. Kisha akisimama mahali pa kuanzia shimo la tano, pa juu, huiona nchi yote imefunguka mbele yake: ujia wa kijani umelazwa kati ya hetha, mitego myeupe ya mchanga, na kidimbwi kidogo upande wa kulia kabla ya kufika kwenye grini, uwanda mdogo wa nyasi fupi unaolizunguka tundu. Ujia hukaa kama ulivyo na hetha hukaa kama ilivyo, hapana kitu kilichofichwa, na mchezaji hupewa nafasi ya kujua kosa lake kabla hajalitenda. Wengi hulitenda vivyo hivyo.

Nyasi za mchanga zina tabia yake. Si nene wala si laini, huota chache chache, na ardhi chini yake ni ngumu hata katika mwezi wa Januari, wakati viwanja vya udongo vimejaa maji. Kwa hiyo mpira ukianguka hauzami, bali huruka na kuendelea kwa miguu yake. Mchezaji aliyezoea viwanja vinavyomwagiliwa maji, ambako mpira husimama palepale ulipotua, huona taabu mwanzoni, maana hapa inambidi auangushe mpira mita 20 au 30 kabla ya grini, auachie mwinuko na mteremko wa ardhi uufikishe. Ni lazima aisome ardhi kama baharia anavyousoma mkondo. Na ndiyo maana wazee wenye mikono dhaifu, waliokichezea kiwanja hiki miaka mingi, mara nyingi huwafedhehesha vijana wenye mabega mapana.

Sasa kuhusu hetha yenyewe, kwa kuwa ndiyo mwalimu mkali wa mahali hapa. Mpira ukiacha ujia hupita kwanza kwenye majani marefu kidogo, kisha huingia ndani ya kichaka, na mara nyingi huonekana, umekaa juu ya vijitawi kana kwamba umewekwa kwa hisani. Na hapo ndipo mjinga anapochukua fimbo ndefu, akitamani kuurudisha umbali alioupoteza. Fimbo inaposhuka, vile vishina vya mti, ambavyo ni vyembamba lakini havikatiki, huzunguka shingo ya chuma na kukisokota ndani ya mikono yake, uso wa fimbo ukajifunga, na mpira ukatoka hafifu upande wa kushoto, mita 10 au 15, na kuingia katika kichaka kingine kibaya kuliko cha kwanza. Mwenye hekima huchukua fimbo yenye uso uliolala sana, huufungua uso huo zaidi kidogo, hushika mpini kwa nguvu katika mkono wa kushoto, kisha hugeukia upande ule ulio karibu na ujia, hata kama upande huo si wa kwenda mbele, akapiga kwa kishindo na kukubali kwamba amepoteza pigo moja. Watunzaji wa kiwanja wameiotesha hetha hata kwenye kingo za mitego ya mchanga, ikaning'inia juu ya mchanga mfano wa nyusi, na mtu akinasa chini ya nyusi hizo huwa amepata misiba miwili mahali pamoja.

Baada ya shimo la kumi, ambalo huteremka kutoka juu ya kilima kwa urefu wa zaidi ya mita 400, kuna kibanda ambacho wachezaji hukitukuza karibu sawa na kiwanja chenyewe, kwa ajili ya soseji zake za moto. Msomaji Mwislamu atafanya vyema kuuliza kwanza ni za nyama gani. Kutoka hapo mashimo manane yaliyobaki hupinda kurudi nyumbani, na la mwisho humalizikia chini ya mwaloni mkubwa uliosimama nyuma ya grini, mti ambao chama kimeufanya kuwa alama yake.

Viwanja vyote vikuu vina visa vyao, na cha Sunningdale kisimuliwacho zaidi ni cha mwezi wa Juni mwaka 1926, siku ambayo Bobby Jones wa Marekani, kijana wa miaka 24, mchezaji wa ridhaa asiyepokea fedha, alikuja kutafuta nafasi ya kuingia katika mashindano makuu. Alikimaliza kiwanja cha Park kwa mapigo 66, kwa fimbo zenye mipini ya mti. Nusu ya kwanza alitumia mapigo 33 na nusu ya pili 33. Tena katika hayo 66, mapigo ya kusukuma mpira juu ya grini yalikuwa 33, na yale mengine yote 33. Kadi yake haikuwa na shimo la mapigo mawili wala la mapigo matano, ilikuwa tatu na nne tu tangu mwanzo hata mwisho. Siku chache baadaye akayashinda mashindano yenyewe huko Lytham. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi, na linalonishangaza si udogo wa jumla yake bali ni usawa wake, maana gofu ni mchezo wa watu wanaofanya muujiza katika shimo moja na kulipa gharama yake katika la pili.

Aliyetaka muujiza badala ya usawa aliupata mwaka wa 2004, katika mashindano makuu ya wanawake ya Uingereza. Mwingereza Karen Stupples alianza siku ya mwisho kwa kulimaliza shimo la kwanza, ambalo kadiri yake, yaani hesabu ya mapigo inayotazamiwa, ni mapigo matano, kwa mapigo matatu, kisha shimo la pili, nalo ni la matano, akaliingiza kwa pigo lake la pili kutoka mbali. Mashimo mawili, mapigo matano chini ya kadiri. Na ilipofika jioni akawa bingwa. Tena tangu 1934 huchezwa hapo mashindano ya wawili wawili wanaopokezana mpira mmoja, ambamo wanaume na wanawake, wa ridhaa na wa kulipwa, huingia katika orodha moja, kila mmoja kwa kiasi cha fidia ya mapigo anayostahiki. Jambo lisilokuwa la kawaida katika Uingereza ya zama zile, ambayo ilipenda kila mtu akae katika chumba chake.

Nimeuacha msitu makusudi, kwa kuwa juu yake nina neno la kusema. Mgeni wa leo husifu kwanza miti: misonobari mirefu yenye magome mekundu, mibetula yenye magome meupe, na utulivu wa kila shimo kujitenga na jirani yake kana kwamba ni chumba. Picha za miaka ya mwanzo zinaonyesha nyika tupu, upeo kwa upeo, na miti ya kuhesabika. Miti mingine ilipandwa, lakini mingi ilijiotea mifugo ilipokoma kuchungwa. Na maradhi yaliyoingia mwaka 1953 na kuwafyeka sungura wa Uingereza yakaondoa mla-miche wa mwisho. Msonobari ukisimama huizuia nuru, huangusha sindano zake chini, na hetha iliyo kivulini hufa polepole. Ikifa hetha, nyasi za kawaida huingia, na mwisho wake kiwanja cha nyika huwa bustani ya miti, nzuri kwa macho, lakini ya namna inayopatikana kila mahali. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni vyama vingi vya viwanja vya nyika vimeshika mashoka na kukata miti kwa mamia, na ndiyo maana majirani na baadhi ya wanachama wamepiga kelele, kwani kuukata mti siku hizi huhesabiwa kuwa ni dhambi. Mimi nawaunga mkono wakataji. Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya nyika zake za tambarare tangu mwaka 1800, zilizoliwa na kilimo, nyumba na misitu ya mbao, na kipande kilichosalia, kwa kichekesho cha historia, kimehifadhiwa kwa sehemu yake na watu ambao nia yao ilikuwa kupiga mpira tu.

Kinachohifadhiwa si maua peke yake. Katika mchanga ulio wazi hutaga mijusi ambao ni adimu katika Uingereza nzima, na juu ya ardhi tupu, kati ya hetha, hulala mchana ndege wa usiku, kirukanjia, ambaye rangi yake hufanana na majani makavu hata mtu akaribie kumkanyaga. Ndege huyu si Mwingereza wa kudumu. Wataalamu waliowafunga vipimo virukanjia wa Uingereza wamewafuata hata Kongo, ambako hukaa miezi ya baridi, kisha huivuka tena Sahara na kurudi kwenye nyika mwezi wa Mei. Hivyo huenda sauti yake inayozunguka kama cherehani jioni kule Surrey inatoka kwa ndege aliyekuwa jirani ya wasomaji wetu wa Kongo miezi michache iliyopita.

Lipo jambo moja la kulaumu, nalo ni mlango. Kucheza Sunningdale si kwa kila mtu: sharti uwe mwanachama, au mgeni wa mwanachama, au mtu aliyeomba nafasi mapema na ambaye mfuko wake hauogopi ada kubwa. Lakini nyika haimalizikii kwenye kiwanja. Walton Heath ni ardhi ya jumuiya ambayo mwenda kwa miguu ana haki ya kuipita, wachezaji watake wasitake, na si mbali na Sunningdale ipo nyika kubwa ya Chobham, ambako Malkia Victoria alikagua majeshi yake mwaka 1853, nayo sasa ni hifadhi iliyo wazi kwa watu wote. Msomaji unayekaa London, panda gari la moshi Waterloo, ushuke kituo cha Sunningdale kabla saa moja haijatimia, kisha ulizia njia ya Chobham. Nenda mwezi wa Agosti, hetha inapochanua. Hutatozwa senti.